Kilima Kilichokuwa na Shimo

Genkuru, Tarime

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta miguu imepungua kuuma, na viazi mmeviwahi kabla sakitu, ile baridi kali ya alfajiri, haijaviunguza. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umejaa hofu, na kwenye simu sikutaka kukueleza, maana ungelia, nami ningelia, tusingeelewana. Ndiyo sababu naandika, usome polepole.

Unajua nilikuja huku kusimamia mradi wa maji: tangi kubwa kilimani, na mabomba ya kushuka mpaka kijijini. Mama, huku dhahabu imewapanda watu kichwani. Mwalimu akitoka darasani anakwenda kuchimba. Akina mama wanaponda mawe nyuma ya nyumba. Mto umegeuka tope kwa wanaoosha mchanga wa dhahabu, na maji ya kunywa yanafuatwa mbali. Kwa hiyo tangi hili kila mtu analitaka, na analitaka leo.

Sasa, bosi wetu aliyeko Mwanza aliniambia kwamba cheti changu cha usimamizi wa miradi kinakaribia kuisha muda, na hakihuishwi mpaka nionyeshe kwamba bado najifunza. Nilishtuka. Siku ile nilipovaa joho, nanyi mkapiga vigelegele, nilidhani kusoma kumekwisha. Kumbe ujuzi wa kazi hii ni kama shamba, ukilipa mgongo msimu mmoja unakuta magugu.

Basi, kwa kuogopa kufukuzwa, wala si kwa kupenda, nikajiunga na wasimamizi wa miradi wanaokutana Jumamosi Tarime mjini, kwenye ukumbi wa kanisa. Wanafundishana. Kila mmoja anasimulia kilichoharibika kwenye mradi wake, na wenzake wanauliza maswali. Kujisifu ni marufuku. Mwanzoni nilikaa karibu na mlango. Walitumia maneno ambayo chuoni sikuyasikia, nami nikawa naitikia kwa kichwa tu, nikihofu watagundua nisivyojua.

Jumamosi moja alisimama dada Bhoke, anayesimamia ujenzi wa nyumba za wageni karibu na lango la Ikoma, la kuingilia mbugani. Alisimulia jinsi ukuta wa jiko ulivyopasuka kwa sababu hakuuliza ile ardhi ilitumiwaje zamani.

"Mchoro unakwambia utajenga nini," alisema. "Haukwambii watu walifanya nini pale kabla hujafika."

Mimi najenga mahali ambapo kila mtu anachimba, na swali hilo sikuwa nimemuuliza yeyote.

Niliporudi nikamwendea fundi wetu mkuu, Marwa, mzaliwa wa hapa.

"Marwa, pale kilimani waliwahi kuchimba?"

Akacheka kidogo. "Madam, hapa kwetu ni wapi hawajachimba?"

Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walisema palikuwa na maduara, ndiyo yale mashimo ya wachimbaji, yakafukiwa. Wengine wakaapa hapakuwa na kitu. Wa kunionyesha mahali penyewe hakuwepo. Nikasimamisha kazi, nikaomba wataalamu waje kupima udongo.

Hapo ndipo mambo yalipochacha. Bosi alinipigia simu: "Umesoma kidogo tu, umeanza kuogopa kivuli chako?" Kijijini ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mwita, alisimama mbele ya watu wote.

"Binti, wewe umetoka kwenu kwenye chemchemi," alisema. "Sisi watoto wetu wanakunywa tope. Unataka tuamini kwamba kilima kitatumeza?"

Watu wakacheka. Mmoja alirusha bonge la udongo likapasukia miguuni pangu. Nilirudi chumbani nikajifungia mchana kweupe. Usidhani nilikuwa na uhakika, mama. Sikuwa nao. Pengine ardhi ile ilikuwa ngumu kama jiwe, nami nawanyima watu maji kwa woga wangu tu. Nilikuwa naogopa kuendelea, na naogopa kusimama.

Bosi hakungoja wapimaji. Alimtuma msimamizi mwingine, naye siku aliyofika akaagiza lori la mawe lipande juu. Nilimsubiri dereva, Chacha, pale barabara inapoanza kupanda.

"Chacha, nakusihi, mwaga mawe hapa hapa chini."

"Madam, nimeambiwa juu. Nikikataa, kesho gari anapewa mwingine."

Akapanda. Nikamfuata kwa miguu huku nikiomba Mungu niwe nimekosea. Aligeuza lori, akaanza kurudi kinyumenyume. Hapakuwa na kishindo. Ilikuwa kama mtu ameshusha pumzi. Sehemu ya nyuma ya lori ikazama, mawe yakamiminika, halafu pua yake ikaelekea mbinguni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Marwa na wenzake walirusha kamba, Chacha akatolewa dirishani, mguu umevunjika, lakini hai. Chini lilikuwa duara la zamani. Wachimbaji walikuwa wamelifunika kwa magogo, wakaweka udongo, nyasi zikaota.

Mzee Mwita alipofika alivua kofia yake akakaa chini. Bosi alipopiga simu aliuliza tu, "Wapimaji umesema wanakuja lini?" Walikuja, wakapata ardhi nzuri upande wa shuleni, na msingi mpya tumeshauanza. Chacha yuko hospitali. Nikienda kumwona ananishukuru, nami nikirudi chakula hakipiti.

Mama, tangu siku ile natembea kama ninayekanyaga mayai. Hata nikiingia kanisani natazama sakafu.

Jumamosi iliyopita wenzangu waliniomba nisimulie. Nilisimama, nikaeleza yote. Nilipofika kwenye yale magogo, baba mmoja anayejenga darasa katika kata jirani alinyanyua mkono.

"Juu yake nyasi zilikuwa zimeota?"

"Zimeota vizuri kabisa. Usingejua."

Alitoka nje bila kuaga, simu sikioni. Ukumbi mzima tulimsikia: "Simamisha kazi. Watoe mafundi wote kwenye huo msingi. Usiniulize kwa nini, watoe kwanza!"

Wametoka wote salama. Kama chini ya msingi ule pana shimo, mpaka leo hatujajua.

Nisalimie kaka Yohana na wifi, na shangazi Tabitha, mwambie kitenge chake nimekipata Sirari. Mjomba Elia mpe shikamoo yangu, na mchungaji mwombe asinisahau katika sala. Ukinijibu, niandikie habari za kawaida tu, ng'ombe amezaa au jirani amepaua nyumba. Nina hamu ya kusikia hayo.

Ni mimi mwanao, ninayekuombea afya,

Upendo