Mzee wa Kugonga na Masikio Yangu

Mama Furaha,

Ni mie. Kuandika sijui sana, unajua. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu.

Masikio yangu yanakufa.

Ilianza la kushoto, wiki chache tu kisha kukuzika. Sasa la kuume linafuata. Furaha anaongea Kiingereza chake, mie naona midomo tu, najibu "yes". Juzi hiyo yes ilimliza. Kumbe aliniuliza kama nimeanza kukusahau.

Namuwaza Mzee wa Kugonga kila siku. Wewe njo ulileta habari zake nyumbani, toka kwa yule bibi mzungu uliyekuwa unamtunza kazini kule DeSoto, mwalimu wa piano. Unavua viatu tu, unaanza: leo bibi kaniambia hivi. Kwamba huyo Mzee, mtunzi wa muziki wa Wazungu wa zamani, baba yake alikuwa mlevi, anamchapa ili ajifunze piano. Kwamba muziki wake unaanza na kitu kidogo, anakirudia, anakigeuza, hakiachi, mpaka kinagonga kama askari mlangoni. Ukaniwekea kwenye simu, nikakuambia zima, kwetu Uvira tuligongewa inatosha. Ukacheka. "Baba Furaha, huyu anagonga atoke, si aingie."

Kisha masikio yake yakafa, angali kijana. Akaficha. Akakimbia watu. Eti aliuma kijiti, ncha ingine kwenye piano, asikie kwa meno. Na siku ya kupigiwa makofi walimgeuza, aone mikono ya watu. Hapo mie nilicheka. Mungu anisamehe.

Kwa daktari nilienda. Mkalimani wa kwenye simu alikuwa Mkenya. Nikasema, "Sisikii vizuri." Yeye akadhani sijisikii vizuri, akatafsiri kwamba ninaumwa. Daktari akauliza wapi. Nikasema kichwani, si masikio yako kichwani? Nikatoka na dawa ya kichwa. Furaha aliposoma kichupa njo nikaelewa. Sikurudi kumsahihisha daktari. Nilifurahi, hata, siri imebaki.

Maana kazini, ghalani hapa Euless, forklift, zile gari za kunyanyua mizigo, zikirudi nyuma zinalia, na mie sizisikii tena. Siku ya Jumanne, Deo, yule Mrundi tunayepakia naye mizigo, alinivuta koti. Chuma cha forklift kikapita hapa, karibu na kifua.

"We mzee, unamfuata mkeo?"

Watu wakacheka. Mie nilirudi kupakia. Bosi akijua, ananitoa. Asipojua, iko siku Deo atakuwa off, hayupo wa kunivuta.

Na sauti yako iko kwenye simu yangu, zile meseji zako. Naweka sikio la kuume, naongeza mpaka mwisho. Maneno siyapati. Ni kama mtu anaongea nyuma ya ukuta, na ukuta unanenepa.

Sasa sikiliza. Jumatatu siendi kazini. Naenda kwa daktari na Furaha, yeye njo atasema, kwa Kiingereza chake: baba yangu anakuwa kiziwi. Nitamwambia leo, akitoka shule, kabla sijaogopa tena. Wakinifukuza, wanifukuze.

Pumzika, mke wangu. Mtoto hatazika wawili kwa sababu ya aibu yangu. Hiyo nakuahidi.

Baba Furaha