Bendera ya Shimo la Mwisho

Ijumaa, Mei 2004

Afadhali angenitukana.

Bosi wangu, yule Mwaustralia ninayembebea fimbo za gofu, ameshindwa tena kufuzu kucheza raundi za mwisho za wikendi. Leo kabla ya kila mpigo alinigeukia: "Tutumie fimbo gani?" Zamani nikithubutu kumshauri, alikuwa ananing'akia mbele ya watu. Sasa ananisikiliza kama mtoto, na mimi ndiye ninayeogopa.

Jioni nikamleta hapa nyumbani kwetu, mtaa wa Balsall Heath, angalau ale chapati. Ukutani nimetundika bendera ya shimo la mwisho, ya mwaka ule aliposhinda mashindano. Ndiyo desturi yetu, mchezaji akishinda, bendera anachukua kedi, yaani mbeba fimbo wake. Mke wangu amechoka kuniambia niitoe, eti inakusanya vumbi tu.

Bosi aliacha chapati yake, akaenda kuipapasa bendera kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Siku ile tulishinda kweli, sivyo?"

Nilidhani anatania. Kumbe anangoja jibu.

"Tulishinda, bosi."

Akasema asante. Miaka yote hii, mtu huyu hajawahi kuniambia asante.