Ubeti wa Themanini na Saba

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta goti limetulia, na shemeji bado anagombana na redio kama ilivyo desturi yake. Mimi ni mzima, ikiwa uzima ni kufunga kamba za viatu bila kuomba msaada. Binti yako aliniandikia kwamba siku hizi majina ya watu yanakuponyoka, hata jirani unamwita "wewe wa pale", ila mashairi hujapoteza hata mstari. Nilicheka, kisha nikaogopa. Kwa nini niliogopa utaelewa mbele. Nakuomba tu usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukifanya na riwaya.

Bado nafundisha. Waliniaga miaka mitatu iliyopita kwa keki na soda, wakanipa saa ya ukutani, na Jumatatu iliyofuata mkuu wa shule akaja kuniambia kwamba hajapata mtu wa kushika fasihi ya kale na insha. Akaongeza kwamba katika nyumba ya shule naweza kuendelea kukaa maadamu nashika chaki. Nikarudi. Darasa la kidato cha nne liko mwisho wa jengo, karibu na stoo ya madawati mabovu. Dirisha moja lina kioo, la pili lina kadibodi, na ubao umepauka katikati kwa kufutwa na walimu walionitangulia.

Insha za watoto hawa ungezipenda. Kila moja huanza kwa mtu kuamka, kupiga mswaki na kunywa chai. Niliwapa mada ya vita, shujaa akapiga mswaki kwanza. Niliwapa mada ya mafuriko, maji yakasubiri chai iishe. Mimi wananiita Mzee Koma, nalo jina hilo nililitafuta mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nawasomea imla, nikafika kwenye alama, nikasema kwa sauti, "Koma." Nusu ya darasa waliandika alama, nusu nyingine wakaacha kuandika na kuniangalia wakidhani nimewakemea. Tangu hapo kila darasa hurithishwa jina hilo. Nami huwaambia kila mwaka kwamba nukta ni ya mtu aliyemaliza kusema, koma ni ya mtu ambaye bado ana neno, na kwamba makosa mengi ya insha, na ya maisha pia, ni kuweka nukta mapema. Huandika maneno hayo madaftarini kwa utiifu mkubwa, halafu wanaweka nukta mapema.

Utenzi ninaowafundisha ni ule ule uliotusomea wewe tukiwa watoto, wa mjenzi anayejenga nyumba miaka ishirini, na siku anapoezeka anaamriwa auhame mji. Nafundisha kwa kitabu chako, chenye maandishi yako ya penseli pembeni. Unakumbuka kwamba ukurasa mmoja haupo. Tuliufungia chumvi njiani tulipokimbia kwetu, na ubeti wa themanini na saba ukaenda na chumvi. Nilipoanza kufundisha sikutaka utenzi wenye pengo, na kitabu kingine hakikuwa kikipatikana huku. Basi nikauandika ubeti ule kwa kumbukumbu yangu, na kwa miaka thelathini na moja nimeuandika ubaoni hivi:

Mlango sikuufunga,
hakuna nilichochunga,
mwenye kuja akigonga
nyumba itamwitikia.

Mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi mmoja, binti wa mfua vyuma, ambaye wenzake walimwita Chiriku kwa kejeli kwa sababu hasemi. Ukimuuliza swali anakujibu kwa maandishi wiki inayofuata. Huyo peke yake hakupiga mswaki katika insha hata mara moja. Aliazima kwangu kitabu chako likizo nzima, akakirudisha amekitia jalada la gazeti. Alitaka kuwa mwalimu. Chuo cha ualimu kilikuwa kimemwahidi nafasi iwapo atafaulu fasihi, na baba yake alikuwa ameshamtengenezea sanduku la bati la kwendea chuoni.

Katika mtihani wa mwisho aliandika insha kuhusu ukarimu wa mjenzi, nayo yote aliisimamisha juu ya ubeti ule. Aliandika kwamba mtu aliyefukuzwa kwake akaacha mlango wazi amewashinda waliomfukuza. Niliisoma baadaye. Sijawahi kufundisha kitu kizuri kiasi hicho. Kumbe mwaka huo ofisi ya mitihani ilikuwa imepata toleo jipya la utenzi, kamili, bila kurasa zilizofungiwa chumvi. Mtahini akafungua, akalinganisha, akaandika kwa wino mwekundu kwamba mtahiniwa ameghushi ubeti ili kutetea hoja yake. Sifuri.

Tuliitwa ofisini kwa mkuu wa shule, mimi, Chiriku na bwana mmoja kutoka ofisi ya mitihani, aliyevaa tai fupi na kutazama saa kila alipomaliza sentensi. Alimuuliza binti ameutoa wapi ubeti huo. Chiriku alitazama vidole vyake. Akamuuliza tena, akamwambia kwamba ulimi hauna mfupa, autumie. Akavikunja vidole. Ndipo mkuu wa shule akanigeukia, akanisogezea toleo jipya lililofunuliwa, akaniuliza kama ubeti aliouandika mtoto huyu umo kitabuni. Nikasoma ulivyo hasa:

Mlango nimeufunga,
jirani ndiye mchunga,
mwenye kuja akigonga
atakuja fungulia.

Dada, vina nilikuwa nimevikumbuka. Maana ndiyo niliyoigeuza. Nilitazama ukurasa ule, nikafikiria nyumba ya shule na umri wangu na mahali nitakapopeleka vitabu vyangu, nikasema, "Haumo."

Nikaweka nukta hapo. Sentensi ilikuwa na nusu nyingine, haumo, mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, nami Mzee Koma nikaikata katikati. Bwana wa tai fupi akatazama saa, akasema basi, limekwisha. Chiriku alitusalimu wote, akatoka.

Ilinichukua siku kumi na sita kupata ujasiri. Nilimwendea mkuu wa shule nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri, kisha akaniambia kwamba rufaa hupokelewa ndani ya siku kumi na nne, na kwamba nikifungua jambo hili watafukua majibu ya wanafunzi wangu wote wa miaka thelathini, wengine sasa ni wauguzi, mmoja ni rubani, je, nataka wote waitwe waongo. Maji yakimwagika hayazoleki, Mwalimu, alisema, akanimiminia chai. Niliandika kwa ofisi ya mitihani hata hivyo. Walijibu kwa karatasi iliyochapwa tayari, kwamba hawapokei malalamiko kutoka kwa mtu asiye mtahiniwa. Niliandika mara ya pili, nikapata karatasi ile ile. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa kwenye benchi hadi mfagiaji akaniomba niinue miguu.

Nilimwendea pia Chiriku. Anashona vifungo kwa fundi cherehani, njia ya kwenda sokoni. Nilisimama mbele yake nikamwambia kwamba ubeti ule niliuharibu mimi na kwamba nilinyamaza. Alikuwa na uzi mdomoni. Akaukata kwa meno, akaniambia taratibu, "Nilijua umetoka kwako, Mwalimu, kitabu chako kina ukurasa uliochanwa, niliona likizo." Nikamuuliza kwa nini basi hakusema alipoulizwa. Akanijibu kwamba mtu hamvui nguo mzee wake mbele za watu. Kisha akaniuliza kama kifungo cha shati langu nakitaka kikazwe, kinaning'inia. Akakikaza. Nilisimama pale kama mtoto anayevalishwa.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipojua ni nani mwingine aliyewahi kunifanyia hivyo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Siku tulipoondoka kwetu wewe ulikuwa umetumwa mashineni kusaga. Mama alikwisha kutangulia na wadogo, baba alikuwa barabarani akifunga mizigo, na mimi niliachiwa neno moja tu, niurudishie mlango nisiufunge, ili ukirudi uingie, uchukue vyeti vyako kwenye kasha, utufuate. Niliufunga, dada. Kwa kufuli. Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliogopa wezi, kana kwamba tulikuwa tunakwenda matembezi. Jirani alikuwa amesimama kizingitini kwake, amenipa mgongo. Hatua kumi zingetosha kumpa ufunguo. Sikumpa. Siku ya pili njiani, nilipoelewa nilichofanya, niliutupa mtaroni.

Wewe ulikaa siku mbili kwenye baraza la jirani ukisubiri, kisha ukakimbia na watu wengine ukiwa na debe la unga tu. Ulipotupata mwaka uliofuata shule ikakudai vyeti, nawe hukuwa navyo, na hapo ndipo ualimu wako ulipoishia. Uliuliza ni nani aliyefunga. Mimi nilitazama chini. Baba alinitazama kidogo, halafu akasema ni yeye, alisahau. Tangu siku hiyo ulimpa chakula kwa heshima na hukumpa neno jingine zaidi ya salamu, mpaka tulipomzika. Alijua. Hakuwahi kunigusia hata tulipokuwa wawili.

Nimekaa kwenye kiti ulichotakiwa kukaa wewe, nikafundisha kwa kitabu chako, na humo nikaandika kwamba mlango sikuufunga. Nadhani niliamini. Mtoto wa watu akauamini pamoja nami.

Sijui la kufanya. Kwa Chiriku sina mlango uliobaki wa kugonga. Kwa baba nimechelewa. Kwako nina karatasi hii tu. Na kwa kuwa mashairi hujayasahau, najua ubeti ule umekuwa nao kichwani kama ulivyo miaka yote hii, wenye kufuli na jirani, na siku zile tulipoghani pamoja ulifika hapo ukaniacha niseme wangu. Nilidhani hukusikia.

Nisalimie shemeji, na binti yako, na watoto wake wote kwa majina, hata kama itabidi wakutajie wao. Goti ulikande kwa maji ya moto, usilifanyie ubishi. Kitabu nimekifunga pamoja na barua hii. Ni chako. Jalada la gazeti ni kazi ya Chiriku, naomba usilitoe.

Mimi mdogo wako, niliyeufunga,