Pete ya Dada Neema

Alhamisi

Eti nimwonee huruma! Dada Neema alikuja leo kazini, pale ninapokata mawe, kunionyesha pete ya tanzanite aliyovishwa na mchumba wake.

Niliigeuza kwenye mwanga. Tanzanite ukiigeuza, bluu inaingia zambarau, na hapo ndipo bei yake ilipo. Hii ilibaki bluu ileile kila upande. Kioo.

“Unaona? Haibadiliki, kama yeye mwenyewe,” akasema, kisha akanicheka kwamba nitazeeka nikisugua pete za wenzangu.

Nikamwambia sijawahi kuona jiwe safi hivyo. Jumapili aivae kanisani, akae mbele, katikati ya wake wa mabroka wa mawe.

Akanikumbatia.

Sasa naomba jambo moja tu: mvua isinyeshe huku Olmotonyi, asije akakosa ibada.