Mtu wa Arobaini na Moja

Jumanne, 3 Desemba 2024

Jana wamemzika Zamda. Tamthilia tu, "Mlango wa Pili", lakini leo Mtaa wa Kongo umekuwa kama umefiwa kweli. Kajal wa duka la vitambaa hapo mbele kafungua duka macho yamevimba. Kundi letu la WhatsApp linagombana: kaburi lilifunikwa, mbona mwili hatukuonyeshwa? Mimi si shabiki wa kulia. Nauza masufuria, naangalia huku nakunja nguo. Ila leo na mimi nimeandika — bila mwili hakuna msiba. Halafu nikazima simu. Najua kwa nini niliandika.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu. Mchango wa kundi umetimia! Tunamchora Zamda ukutani. Mzee Devendra, baba yake Kajal, ametoa ukuta wa stoo yake. Fundi ni Benjamini, yule anayechora mabango ya saluni. Kila aliyechanga katuma picha, atachorwa kwenye umati unaomsubiri Zamda mlangoni. Tuko arobaini. Nimetuma ile ya kipaimara cha mpwa wangu Nice, nilipendeza siku ile. Ushamba mtupu, lakini nina raha, acha tu.

Alhamisi, 12 Desemba

Baba mdogo Kasmir kapiga kutoka kwetu Kibosho. Wazee wamekaa. Tarehe 28, watu wote wakiwa nyumbani kwa Krismasi, watamzikia Allen mgomba.

Kaka yangu. Mwaka wa sita huu tangu aende Feri kununua samaki, hakurudi. Polisi, hospitali, mochwari, kote tulipita. Mwili haupo, basi shina la mgomba litalala kaburini badala yake, mama apumzike. Nikasema, na kama yuko hai? Baba mdogo akasema, mwanangu, ndiyo maana tumesubiri miaka yote hii.

Bibi alikuwa akisema aliyezikiwa mgomba hana tena pa kurudi.

Leo nimemfungia mteja mifuniko bila masufuria.

Jumanne, 17 Desemba

Mchoro umeisha. Kajal kanivuta mkono twende tukaone. Zamda yuko mlangoni, mzuri mpaka anatisha. Tukaanza kujitafuta. Benjamini kanipa kidevu cha mtu mwingine kabisa! Tumecheka. Kajal akahesabu vichwa vya umati, bila Zamda. Akarudia. Arobaini na moja.

Wa mwisho yuko pembeni, karibu na nguzo ya umeme. Mwanamume, shati la kijani, mvi kando ya masikio. Nyusi ya kushoto imekatika katikati.

Hiyo nyusi nilimpasua mimi, kwa mwiko, nikiwa na miaka tisa.

Benjamini alikuwa anaosha brashi. Nikamuuliza picha hii katuma nani. Akasema, huyo hakuwa na picha, dada. Alikuja mwenyewe asubuhi, akasimama pale kwenye nguzo, akaomba na yeye awemo. Jina hakutaja. Aliuliza tu kama Zamda amekufa kweli, au hawajampata.

Allen alipoondoka hakuwa na mvi hata moja.

Jumatano, 18 Desemba

Nimeshinda kwenye nguzo. Hakuja mtu.

Nimeupiga ukuta picha, nikatuma nyumbani. Baba mdogo kasema watu hufanana, na picha ya ukutani haizuii msiba. Mama akamnyang'anya simu. Hakuuliza ni wapi, wala nani kachora. Alisema neno moja: amekonda.

Jumapili, 22 Desemba

Wenzangu wamepanda basi kwenda Kibosho, mimi nimegoma. Nimelaumiwa vya kutosha. Kila asubuhi niko ukutani na chai na chapati za watu wawili. Kajal anadhani Zamda kanipagawisha. Namwacha aamini hivyo.

Kuna kitu sikipendi. Juzi yule wa kwenye nguzo alikuwa anautazama mlango kama wenzake wote. Leo ananitazama mimi. Benjamini kaapa hajagusa.

Naogopa. Naandika tu, maana sina wa kumwambia.

Jumamosi, 28 Desemba

Saa nne asubuhi. Baba mdogo kapiga. Shimo tayari, mgomba wameshaufunga shuka, watu wamejaa uani. Ila mama kawazuia. Kasema hawateremshi kitu mpaka mimi, Josepha, niseme, maana ndiye niliyemwona. Akauliza, haya, mwanangu, tuteremshe au tuache?

Wiki zote hizi jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikashindwa kulitoa. Nikasema nipe dakika tano, nikaacha duka wazi, nikakimbia.

Benjamini yuko juu ya ngazi na kopo la rangi nyeupe. Pale kwenye nguzo hakuna mtu. Weupe tu, bado unachuruzika.

Nikamuuliza nani kakutuma. Akashangaa swali. Mwenyewe, dada, katoka hapa sasa hivi. Kasema nimfute, nyumbani wanamsubiri.

Nikauliza kaelekea wapi. Akaonyesha kwa brashi upande wa Msimbazi. Nimetazama mpaka macho yakauma. Wabeba mizigo, mama wa vitumbua, mashati ya kijani mangapi sijui.

Nimekaa juu ya ndoo yake, naandika. Nimeigusa ile rangi, imenishika vidole. Ni ya baridi kuliko ukuta.

Simu inaita mara ya tatu. Sasa si baba mdogo. Ni mama.