Nadine Hatakuja Kalemie

Likasi, siku ya ine, asubui

Yaya yangu Anjela,

Nakusalimia na mikono mbili, sawa vile ulitufundisha kusalimia bakubwa. Mwili namna gani? Ile goti inakuachia kupanda mulima, ao ungali unakaa chini katikati ya njia na kusema unaangalia ziwa? Shemeji na batoto beko bazima? Sisi huku tunapumua. Tumbo yangu imekuwa munene, sioni tena miguu yangu, na ku materinite banasema haitavuka huu mwezi.

Salamu imetosha. Niko na kasirani, Yaya. Kasirani na bwana yangu, kasirani na mama yake, na weye pia, usinichukie. Ku telefone siwezi kusema, juu nikianza nalia, na weye unaniambia "nyamaza Feza, fikiria bebe", njo inaishia pale. Ku karatasi hauwezi kuninyamazisha. Mwandiko yangu ni ya darasa ya tano, lakini utasoma tu.

Nimesikia mama ya bwana yangu alikupigia, mukasikilizana: Nadine akuje kwako Kalemie mbele nizae, akae kule mupaka akomae. Ulikubali. Haukuniuliza minye mwenye nilimuzaa. Labda alikuambia nusu. Acha nikupe yote.

Siku ya posho, kesho yake kanisa, nilienda kupimisha tumbo. Papa Nadine alibakia na mutoto. Alikuwa na kifurushi ya kupokea ku parkingi ya mabisi, kaka yake alituma toka Lubumbashi, akasema atamupeleka Nadine atembee. Nilifurahi hata. Nilimuvalisha ile kanzu ya manjano.

Bisi ikachelewa. Nadine akamuvuta suruali: "Papa, tumbo." Pale parkingi kuko choo ya kulipa, milango mbili, banaume huku, banamuke kule, na katikati mulinzi, mama moja munene ku kiti. Anapokea makuta, anakupa karatasi na kopo ya maji. Mutoto ya miaka ine, Yaya, ni dakika mbili. Unamubeba, unaingia naye, unamushika, munatoka. Bamama banaingia na batoto banaume mu choo ya banamuke kila siku, pa kanisa, pa soko, hakuna mwenye anageuza shingo. Lakini baba akisimama na mutoto mwanamuke, bantu banamuangalia sawa mwizi.

Na huyu wangu kuko kingine tena. Weye unajua ni muntu ya Kasai. Alizaliwa hapa Likasi, babu yake njo alikuja kwa kazi ya mugodi, Kasai yeye mwenyewe haijue hata na njia, lakini mama yake alimulea na sheria ya kule: baba haone uchi ya mutoto yake mwanamuke, hamuogeshe, hamubadilishie nguo. Banaita tshibindi. Banasema ukikosa hii sheria, mutoto njo anagonjwa, anaweza kufa.

Basi hakumuingiza kwa banaume. Alienda ku mulango ya banamuke, ule mulinzi akamuwekea mukono ku kifua.

"Papa, unaenda wapi?"

"Ni mutoto, mama."

"Mutoto namuona. Na weye? Weye pia ni mutoto?"

Bantu benye balikuwa mu mustari bakacheka. Moja akasema, "Mumuache, anatafuta bibi wa pili mule ndani." Papa Nadine akapata haya. Akaona mama moja na kitambaa ya mwekundu ku kichwa, hamujui, hakumuuliza hata jina, akamupa mukono ya mutoto yangu. "Mama, unisaidie."

Fikiria, Yaya. Mutoto yangu mu mukono ya muntu hatumujui, juu baba yake anaongopa miguu ya mutoto mwenye alimuzaa.

Ule mama hakuwa mubaya, siseme uongo. Alimusimamisha Nadine pa tundu, akamusukumia mulango, yeye akaingia ya pembeni. Kisha bisi yake ikapiga honi, akakimbia. Ile tundu ni mukubwa, hata minye mukubwa naiongopa. Nadine hakuwa na mukono ya kushika. Muguu ya kushoto ikaingia mupaka ku paja. Akaanza kulia, "Papa, Papa."

Na Papa alisikia. Hii njo inanikula roho. Alikuwa karibu, sawa toka kitanda yako mupaka ku dirisha. Alisikia mutoto anamuita, akasimama pa mulango, akasema, "Bamama, muangalie mutoto, tafazali." Mulinzi akamuambia angojee, kuko muntu ndani anavaa. Akangojea. Nyumba ikiungua atangojea pia bantu bavae? Ni ule mulinzi mwenyewe, na unene yake yote, njo aliinuka akaenda kumutoa.

Unazani imeisha. Haiyaisha. Ile kopo ya maji ilikuwa pale, hakumuosha. Bomba iko ku parkingi, hakumuosha. Alimuvua kiatu yenye ilibakia, akatembea naye ku njia, bajirani ya kartye yetu nzima banaona, inzi zinafuata. Bakafika, mama yake hayuko, alienda ku maombi. Akamusimamisha Nadine mu kiwanja, mu jua, yeye akavuta kiti akaningojea.

Nilirudia saa nane. Nilikuta mutoto yangu amesimama, mikono mbali na mwili sawa kuku yenye kunyeshewa, mavi imekauka ku muguu mupaka ku kanzu. Hakuwa analia tena. Alisema tu, "Mama, Papa amesema nisiguse kintu."

Nikamuuliza bwana, "Mulifika saa ngapi?"

"Saa sita."

"Na maji?"

"Iko mu pipa."

"Na mikono yako?"

Saa mbili, Yaya. Saa mbili nzima mutoto ya miaka ine mu jua na uchafu ya bantu bengine ku mwili, na pipa ya maji hatua tano. Niliweka magoti ku simiti na hii tumbo, nikamuogesha mara tatu. Sikumupigia bwana kelele.

Toka ile siku Nadine haingii mu choo. Hata yetu ya kiwanja, yenye anaijua toka anatambaa. Anafunga mukojo toka asubui mupaka mangaribi, anakaza miguu, jasho inamutoka ku pua. Anakubali tu kama minye namushika mikono mbili, na nikimuachia moja juu ya kujipangusa uso, anapiga kelele. Ku dispansere banasema mukojo imechafuka, banatupa dawa. Muganga akaniambia, "Akiendelea kufunga hivi, figo itaumia. Nani anaenda naye ku choo?"

"Minye peke yangu."

"Na ukienda kuzaa?"

Nadine alitoka kwa kisu, na huyu pia banasema ni kisu. Ni siku saba ku kitanda. Mama mukwe macho imepunguka na magoti haikunjike, yeye mwenyewe tunamusindikiza. Anabakia nani? Anabakia baba.

Siku ya mbili nilisema mbele yao wote: Papa Nadine atajifunza kumupeleka mutoto. Mama mukwe akaweka sahani chini.

"Feza, unataka kuniulia mujukuu?"

"Mama, Nadine alikaribia kufia mu tundu, na sheria yenu ilikuwa inamuangalia."

"Banamuke ya Kalemie munaoga na baba zenu mu ziwa sawa samaki."

"Samaki inatakata, mama."

Sikujibu vile kwa kupenda kumuzarau. Inatoka tu. Akasema kama mutoto yake anaingia mule na Nadine, itaomba kuku mweupe ya kusafisha ile kosa, na maneno ya kusema juu ya ile kuku, na yeye atarudia kwa bandugu yake. Nikasema kuku niko nazo tatu, nitamufungia moja pa mulango. Njo akaenda kukupigia weye.

Na weye ukasema ndiyo, mumulete. Yaya, umesahau papa yetu? Mama alikufa nikiwa na miaka tatu, na weye kumi. Nani alikuwa ananibeba mangaribi kunipeleka mu majani, anasimama, anaimba ili nisiongope nyoka? Weye mwenyewe njo unanielezaka. Nani alituogesha? Tulikufa? Unajipigaka kifua kwa bantu, unasema papa yetu alikuwa baba na mama. Sasa Nadine yeye abebwe siku ine mu lori, mutoto mwenye hakojoi bila mukono ya muntu wake, juu baba yake asisikie haya?

Sizarau sheria ya bantu. Hata minye najua baba anaweza kuwa mubaya, na mama mwenye aliweka ile sheria zamani labda aliona kintu. Lakini huyu wangu si mubaya. Ni mupole mupaka inaniuzi. Anaongopa mama yake, anaongopa mulinzi ya choo, anaongopa bantu ya mustari bacheke.

Jana asubui miguu yangu ilivimba, sikuamuka. Nadine akakuja pa kitanda, amekaza miguu. Nikasema kwa sauti, kila muntu asikie, "Papa Nadine, minye siamuki. Mutoto ni wako."

Nikamusikia anainuka. Mama yake akamuambia, "Ukiingia mule, usiniite tena mama."

Akasema, "Nitakuita tu, mama." Na akaenda.

Nilitoka kitandani, ndiyo, nilikudanganya sasa hivi, nilienda kuchungulia. Alisimama mu mulango ya choo, uso amegeuzia ukuta, macho amefunga kabisa sawa muntu anangojea sindano. Lakini mikono yote mbili alikuwa amemupa Nadine.

"Papa, usiniache."

"Sikuachi."

"Papa, fungua macho. Weye njo utaanguka."

Kisha akafungua. Nilisikia maji inamwangika, na Nadine anamufundisha: mbele, sasa nyuma, sasa sabuni. Baba yake anaitika, ndiyo, ndiyo, mama.

Kasirani yangu haiyaisha, usizanie. Zile saa mbili mu jua nitazihesabu naye mupaka tuzeeke. Na mama mukwe amejifungia mu chumba, bukari yenye napika haikule toka jana. Kuku mweupe iko pa mulango yake. Akitaka aichinje, akitaka ailee. Labda hatasamehe. Lakini leo asubui Nadine hakukuja pa kitanda yangu, alienda moja kwa moja kumuamsha baba yake.

Basi usimutandikie Nadine kitanda. Kama uko na nguvu ya kusafiri, kuja weye, utanifulia nguo ya bebe na utaongea na mama mukwe, juu weye anakuheshimu. Kama goti inakataa, bakia, tutafanya sisi wenyewe.

Unisalimie shemeji, umuambie ule mulango alitutengenezea ungali unafunga muzuri. Unisalimie shangazi mwenye kuuza samaki ya ndagala, na batoto bako wote, na jirani ya upande ya bomba mwenye alinifundisha kusuka. Ukifika ku kaburi ya papa, ung'oe majani, na umuambie jina yake itarudi hapa Likasi kama huyu ni mwanaume.

Minye mudogo yako mwenye kukupenda na kasirani yake yote,

Feza, mama ya Nadine