Kumi na nne ya Zuhura

Jumanne

Mtoto nimemgombeza bure. Karatasi ya mtihani wa kuingilia shule ya bweni kule Pemba, hii ya Msumbiji, si ya kisiwani, ilikuja jana, imeandikwa kumi na nne. Mimi niliyesoma Mtwara najua alama ni za mia. Nikamuuliza Zuhura, "Ulikwenda kusinzia huko?" Akasema, "Mama, hiyo ni nota nzuri," yaani alama, kwa Kireno chao cha shuleni. Nikamwona muongo. Akalala bila kula.

Leo asubuhi nikaipeleka kwa Mwalimu Amade, jirani yetu, aniandikie barua ya kuomba arudie. Alicheka mpaka akavua miwani. "Da Mwajuma, huku alama ni za ishirini. Ukipata kumi umefaulu. Mwanao kafanya vizuri sana."

Ningejuaje? Karatasi zote za shule alizisoma marehemu baba yake.

Nilirudi mbio, nikamkuta anapaa samaki. Nikamwomba radhi. Akanicheka tu: "Mama na mia zako!"

Lakini humu niseme kweli. Jana, chini ya ile hasira, nilipata nafuu. Nilidhani kafeli, basi atabaki, tutaendelea kula sahani moja mimi na yeye. Sasa sina sababu ya kumzuia. Na njia yenyewe ya Pemba, kwa hali hii yetu ya magari kushambuliwa...

Siwezi kumwambia haya. Nimeshamwahidi sanduku la chuma, lenye kufuli.

Jioni alikula vizuri, akaikomba sahani. Leo mimi ndiye niliyeshindwa kula.